Nilivyonena kwa Lugha Kanisani Troyeville

Sikilizeni, na mkicheka chekeni taratibu, maana hii aibu bado haijanitoka mwilini. Mpaka leo nikipita ile barabara ya Troyeville huwa navuka upande wa pili, nainamisha kichwa, najifanya natazama simu, kwa sababu kuna akina mama wa pale kanisani wakiniona tu wanaanza kukonyezana, na mmoja (mama mzima, mwenye wajukuu!) aliwahi kunipigia kelele kutoka ng'ambo mbele ya watu wa spaza, lile duka dogo la mtaani, "Narteksi! Habari za kazi?" Ndilo jina langu pale. Kwetu Iringa naitwa Festo, Mlutheri wa kuzaliwa, na hapa Bertrams watu wananijua kwa kutengeneza mafriji na mashine za kufulia, lakini kwa Wakongo wa Troyeville mimi ni Narteksi basi, na sina wa kumlaumu.

Yote yalianzia kwenye simu, mwaka 2018. Nilikuwa na Clarisse, msichana wa Lubumbashi, tumependana zaidi ya mwaka, na hapa Johannesburg alikuwa anaishi kwa shangazi yake, dada wa baba yake, wanamwita Tantine Yvonne. Huyu Tantine ndiye kiongozi wa waombezi katika kanisa lao, mama mnene mwenye sauti ya kupasua ukuta, na mimi hakunitaka, alisema wazi kwamba Mtanzania ni mtu mzuri wa kukuuzia viungo vya pilau lakini mume atoke nyumbani Kongo. Clarisse hakumjali sana. Aliyemjali ni baba yake. "Papa akikubali, tunaoana," aliniambia, "Papa akikataa, mimi siolewi kwa kutoroka, tuelewane mapema." Tukaelewana. Kwa hiyo roho yangu yote ilikuwa mikononi mwa mzee mmoja niliyekuwa sijawahi kumwona, Papa Kalenga, mwalimu mstaafu aliyefundisha kuchora ramani za majengo katika shule ya ufundi kule Lubumbashi.

Basi Jumapili moja Clarisse akampigia kwa video, akanikabidhi simu. Mzee yuko kitini, miwani puani, nyuma yake ukutani picha za makanisa, makanisa matupu, hata picha moja ya mtu hakuna. Tukasalimiana vizuri. Halafu akaniuliza, taratibu kabisa, "Weye mutoto, unapendaka nini mu maisha?"

Sasa nyie mnanijua. Mimi kutulia siwezi. Nikikaa mguu unacheza, nikisimama vidole vinagonga kitu, na mtu akiniuliza swali halafu akanyamaza kunisubiri, najisikia kama nimekalia kaa la moto, lazima niseme kitu, chochote. Ningesema napenda mpira. Ningesema napenda ugali na samaki, mzee angecheka, tungemaliza. Lakini macho yangu yalikuwa kwenye zile picha, na mdomo wangu ukasema wenyewe, "Mimi Papa, napenda sana makanisa ya zamani. Hasa yale ya mtindo wa Kirumi."

(Hayo maneno "mtindo wa Kirumi" niliyatoa kwenye kibao. Kanisa wanaloabudia akina Clarisse ni la mawe, la zamani sana, waumini wenyewe wa kwanza walishahama au kufa, sasa linakodishwa Jumapili mchana kwa Wakongo, na pale getini kuna kibao kidogo kinasema limejengwa kwa mtindo huo. Nilikuwa nakisoma nikimsubiri Clarisse atoke. Elimu yangu yote ya makanisa ilikuwa hicho kibao.)

Mzee akavua miwani. Jamani, uso wake ulibadilika! "Roman!" akasema, "Clarisse, umesikia? Uyu mutoto anapenda roman!" Akaanza kunieleza kwamba miaka yote amefundisha vijana, hakuna hata mmoja aliyewahi kumwambia anapenda roman, wote wanataka vioo na ghorofa, na kwamba alikuwa na mpango wa kuja kumtembelea mwanawe wakati wa baridi. "Nikifika utanitembeza mu ile kanisa yenu," akasema, "utanionyesha kila kitu, jina kwa jina. Kisha tutakula, na mutasema ile mambo yenu ya kusema." Mambo yenu ya kusema, yaani posa! Nikajikuta naitikia, "Ndiyo Papa, bila shaka Papa."

Simu ilipokatika Clarisse akanikazia macho. "Festo. Wewe unajua nini juu ya makanisa?"

"Nitajifunza."

"Mpigie tu tena umwambie ulikuwa na hofu. Papa si mtu mbaya."

"Nitajifunza, sharp, usijali," nikasema, na hapo ndipo nilipofunga mlango wa kutokea kwa mkono wangu mwenyewe.

Nikajifunza kweli, lakini kwa namna yangu, yaani mbiombio. Nilitazama video kazini huku mkono mmoja uko ndani ya friji la mtu. Nikachapisha ramani ya kanisa la aina hiyo, nikaibandika ndani ya mlango wa friji bovu ambalo mwenyewe hakurudi kulichukua, ikawa kila nikifungua najisomea. Na majina yake sasa, eish! Pale unapoingilia, kile kiukumbi cha mlangoni, ni narteksi. Ule ukumbi mrefu wa katikati wanapokaa watu ni nevu. Yale mabawa mawili yanayotoka kushoto na kulia, yanayofanya jengo liwe msalaba ukilitazama kutoka juu, ni transepti. Kule mwisho kabisa nyuma ya madhabahu, panapopinda nusu duara, ni apsi. Nusu duara ya jiwe iliyo juu ya mlango mkubwa ni timpanamu. Yale mawe yaliyochongwa kama vipande vya keki yakapangwa kufanya tao ni vuswari. Na kule juu, juu ya matao ya ukumbini lakini chini ya madirisha, kuna kama kibaraza chembamba chenye vitao vidogo vidogo, hicho ni triforiamu. Hili la mwisho nililipenda kuliko yote, lina mlio wa mtu aliyesoma.

Yakawa hayakai kichwani. Asubuhi nayajua, mchana timpanamu imehamia kwenye sakafu. Ndipo video moja ikasema kitu kilichonifaa: kanisa la namna ile ni kama mtu aliyelala chali amenyoosha mikono. Kichwa ni apsi, mikono ni transepti, kiwiliwili ni nevu, miguu ni narteksi. Hapo nikapata dawa! Nikaanza kujifunza kwa mwili, nagusa kichwa, "Apsi!" nanyoosha mikono, "Transepti!" nakanyaga chini, "Narteksi!" na yale mengine nikayapachika, timpanamu kwenye paji la uso, vuswari kwenye nyusi, triforiamu kwenye mbavu. Mara nyingine nilikuwa nalala kabisa juu ya boksi pale kazini. Siku moja mama mmoja wa Kizulu akaja kufuata mashine yake, akanikuta chali, mikono imetanda, natazama dari na kutamka maneno, akakimbia kumwita jirani kwamba fundi amepigwa na umeme.

Otieno, Mkenya ninayeishi naye, alinionya. "Bwana, hilo kanisa liko hapo juu tu, dakika chache kwa miguu. Si uende ulitazame?" Nikamwambia sina muda, ngoja kwanza majina yakae. Muda nilikuwa nao. Sikuwa na utulivu wa kwenda kusimama mahali na kutazama jiwe.

Papa Kalenga akafika na basi, amechoka, amevimba miguu, amebeba unga wa mihogo na samaki wakavu wa kutosha kijiji. Nilikwenda kumpokea pamoja na Clarisse, akanikumbatia, akaniambia, "Siku ya Mungu, mutoto, siku ya Mungu tutaona kanisa." Wiki nzima hakuniuliza kitu. Angeniuliza hata kimoja nadhani ningekiri, lakini alikuwa ananitazama tu na kutabasamu, kama mtu anayetunza nyama yake ya mwisho sahanini.

Jumapili ikafika. Nilivaa suti ya Otieno, na Otieno ni mwembamba. Tantine Yvonne akanipangia nikae mbele kabisa, kwenye kiti cha pembeni, pale ambapo ule ukumbi mrefu unakutana na yale mabawa mawili, na upande wa pili wakakaa Papa na Clarisse. Ibada ingefuatiwa na matembezi yangu ya kumwonyesha mzee kanisa, kisha chakula kwa Tantine, kisha posa. Nilikuwa natoka jasho ingawa kulikuwa na baridi ya kuuma masikio, na mguu wangu ulikuwa unacheza mpaka kiti kinalia, mama wa nyuma akanigusa bega, "Baba, kuna shida?"

Sasa lazima mwelewe jinsi wanavyoomba wale. Kwetu Iringa mchungaji anaomba, sisi tumeinamisha vichwa, mwisho tunasema amina, tumemaliza. Kwa Wakongo wale, mchungaji akisema "Tuombe!" watu wote wanasimama na kila mtu anaomba la kwake kwa sauti yake yote, mmoja analia, mwingine anatembea, mwingine anapiga makofi, kinanda kinanguruma, ngoma zinapigwa, huwezi kusikia hata mawazo yako. Na wengine wananena kwa lugha, na mwenye karama ya kutafsiri hizo lugha ni nani? Tantine Yvonne.

Nikasimama na wenzangu. Nikawaza, kelele hii yote, si nipitie majina mara ya mwisho? Nani atanisikia? Nikafumba macho. Mwanzoni nilikuwa nanong'ona, lakini kelele zikawa zinanipoteza, nikapandisha sauti, zikapanda, nami nikapanda, nikajisahau kabisa, nagusa kichwa, nanyoosha mikono, nakanyaga sakafu, nakwenda tu, "Apsi! Transepti! Nevu! Narteksi!" nikirudia na kurudia, jasho linatiririka, na kwa mara ya kwanza yote yakawa yanatoka bila kukosea hata moja, nikafurahi jamani, nikahisi nimeiva, nikapaza zaidi.

Mchungaji wao ana kawaida moja, na mimi sikuijua. Akitaka maombi yaishe, anainua mkono, na kanisa zima linanyamaza papo hapo. Mimi nimefumba macho, mkono nitauonaje? Kinanda kikakatika, ngoma zikakatika, watu wote kimya, na katika lile jengo la mawe lenye mwangwi, sauti ikabaki moja tu:

"TIMPANAMU! VUSWARI! TRIFORIAMU!"

Nikafumbua macho. Kanisa zima linanitazama. Mikono yangu bado imetanda kushoto na kulia.

"Msiongee!" Tantine Yvonne akapaza sauti, mkono juu. "Kuna ujumbe!"

Mpiga kinanda (huyu naye!) akaanza kupiga taratibu, ule muziki wa kumwandaa mtu kulia. Mchungaji akashuka na maiki, akanisogezea mdomoni, uso wake umejaa upole, akasema, "Endelea, mtumishi. Usimzimishe Roho."

Pale palikuwa na nafasi. Nilitakiwa kusema, mchungaji, samahani, nilikuwa nasoma. Lakini watu wote wale, na Papa yuko pale hatua chache, ningesema nasoma nini, nasoma kile nilichomwambia nimekipenda miaka yote? Na mchungaji amenyamaza ananisubiri, na mnajua mimi na kusubiriwa. Nikajikuta nimeikaribia ile maiki nikasema, kwa sauti ya chini, "Vuswari."

"Amina!" kanisa likaitikia.

Tantine akafumba macho, akayumba kidogo, akaanza kutafsiri. "Asema Bwana: kijana huyu nimemtenga. Msimfunge. Asema Bwana: msimtwike mambo ya ndoa, maana nitampeleka nchi ya mbali, peke yake, kwa kazi yangu." Watu wakaanza kushangilia. Mama wa nyuma yangu akalia kwa furaha, akanipigapiga mgongoni kunipongeza. (Mpaka leo sijui kama Tantine aliamini kweli au alijisaidia kidogo. Nimewahi kumuuliza Clarisse, akasema hata Tantine mwenyewe huenda hajui.)

Nikamtazama Clarisse. Yeye alikuwa anajua kila kitu, alishanisikiliza nikikariri yale majina kwenye simu mpaka akalala. Macho yamejaa machozi, midomo inaniambia bila sauti, "Sema. Sema!" Na pembeni yake Papa amekunja uso, anamtazama dada yake, ananitazama mimi, na mimi nikaiona ndoa yangu inatoka nje ya mlango huku watu wanaipigia makofi. Nikashika maiki.

"Samahani," nikasema. "Samahanini sana wapendwa. Mimi sikunena kwa lugha. Nilikuwa nakariri. Hayo ni majina ya sehemu za hili jengo."

Mngedhani yameisha. Tantine akafumbua macho. "Mnaona? Mnaona?" akasema. "Neno limetoka, na sasa kuna kitu ndani yake kinalikana! Waombezi!"

Wakaja! Akina mama wa nguvu, walioshiba, wamenizunguka kabla sijajieleza, mikono kichwani, mikono tumboni, "Toka! Toka! Mwachie!" nami nasema hapana mama, ni usanifu wa majengo, ni usanifu tu, nao ndio wanazidi kukemea. Kuna mkono fulani ukanisukuma paji la uso. Nyuma yangu walishasimama wanaume wawili wa kudaka watu, wakanidaka, wakanilaza sakafuni chali, suti ya Otieno ikapasuka kwenye kwapa kwa mlio uliosikika mpaka nje, mama mmoja akanifunika miguu kitenge kwa heshima, na maiki ikaanguka hapo hapo karibu na sikio langu, imewashwa.

Nikalala. Sikuwa na mpango mwingine. Mikono imetanda, kichwa kinaelekea madhabahu, miguu inaelekea mlangoni.

Ndipo nikasikia, "Mumuache. Yvonne, mumuache kwanza." Papa Kalenga alikuwa amesimama juu yangu. Akapiga goti, magoti yakalia, akaninamia, akaweka miwani sawa. "Mutoto, kichwa yako inaangalia wapi?"

"Kwenye apsi, Papa."

"Na mikono?"

"Transepti."

"Miguu?"

"Narteksi, Papa. Na hapa nilipolala ndipo nevu inapokutana na transepti."

Mzee akageuka kwa watu. "Hana pepo. Ni kweli, ni majina ya kanisa." Kukawa na minong'ono, mtu akacheka, Tantine akakaa kitini taratibu. Na uso wa Papa ulikuwa umejaa furaha, jamani, ningeweza kulia, nikajua nimepona. Akaninamia tena kama mwalimu anayempa mwanafunzi wake swali la mwisho la kumpa zawadi. "Na ile uliita kwa nguvu sana. Triforium. Nionyeshe, iko wapi apa?"

Nikatazama juu. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikalitazama lile kanisa. Matao ya duara, mazito, kuta nene, juu yake madirisha madogo, halafu dari. Nikatafuta kile kibaraza chenye vitao. Nikatafuta kushoto, nikatafuta kulia. Mwishoni kabisa, juu ya mlango, nikaona kijiroshani cha mbao, nikakinyooshea kidole.

"Ile ni ya kinanda cha zamani," Papa akasema. "Apa hakuna triforium, mutoto. Kanisa ni ndogo. Haikujengwaka." Akanirudishia macho. "Unakaa karibu, si njo vile? Na hukuingia kuangalia?"

"Sikuingia, Papa."

"Uliniambia unapenda."

Maiki ilikuwa inapeleka yote mpaka viti vya nyuma. Watu hawacheki tena, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. "Mutu akipenda kitu anaiangaliaka," mzee akasema, wala hakufoka, alisema kama mtu aliyeumia. "Na mutoto yangu? Naye unamupenda vile, kwa majina tu?"

Hapo nikashikwa na kitu, sijui niite hasira au woga. Nikaanza kusema nikiwa vile vile chini. Nikasema, hapana Papa, Clarisse nimemwangalia. Nikasema Clarisse akiogopa huwa anaimba kwa pua, hata tukivuka barabara pale kwenye robot, zile taa za magari, anaimba. Nikasema anatia chumvi mara mbili kisha analaumu sufuria. Nikasema akikasirika anakunja nguo ambazo zimeshakunjwa. Nikasema, na wallahi nilikuwa namsifu, nilikuwa natafuta kitu kikubwa kuliko vyote cha kumsifia, nikasema, "Na namwangalia jioni akitoka kusuka watu nywele pale barabarani, kasimama kutwa nzima kwenye upepo, vidole vimevimba hata kufungua kifuniko cha soda hawezi, namfungulia mimi, na hajawahi kulalamika, Papa. Hajawahi."

"Kusuka?" Papa akasema.

Nikasikia Clarisse anavuta pumzi.

Ndipo nikakumbuka. Nyumbani walikuwa wanajua Clarisse yuko ofisini. Alikuja kwa ajili ya kazi ya ofisi, ikashindikana kwa sababu ya makaratasi, akaona haya kumwambia baba yake aliyeuza shamba kumsomesha, na nje ya nyumba yao hilo aliniambia mimi peke yangu. Hata Tantine alikubali kulinyamazia mpaka Clarisse atakapokuwa tayari. Na mimi nimelimwaga, nimelala chali, kwenye maiki, mbele ya kanisa zima.

Papa akanyanyuka. Alikwenda mpaka alipo mwanawe, akamshika mikono, akaigeuza, akavua miwani akaitazama karibu kabisa, kidole kimoja kimoja. Alikuwa amekaa naye wiki nzima, amekula chakula cha mikono hiyo. "Nami sikuangalia," akasema, na machozi yakamtoka mzee wa watu. Clarisse akachomoa mikono yake, akapita katikati ya ukumbi, akatoka nje. Hakunitazama.

Hakukuwa na matembezi, hakukuwa na chakula, wala posa. Nilirudi Bertrams na kwapa limepasuka, Otieno akaniona mlangoni na kwa mara ya kwanza hakuwa na utani. Clarisse hakupokea simu zangu. Nilikwenda kwao, Tantine akanifungulia, nikategemea matusi, akaniambia tu kwa unyonge, "Mwache kwanza, baba," kisha akafunga. Siku zile sikulala wala sikula vizuri, nilifungua mashine za watu nikasahau kuzifunga, nilitembea huku na huku pale dukani mpaka jirani akaniuliza nimepoteza nini.

Siku moja kabla ya basi lake, Papa akaja dukani mwenyewe, na Clarisse nyuma yake, amejifunga kilemba, hana habari nami. Nikaanza kuomba msamaha, maneno yanakimbizana, mzee akainua mkono. "Mimi nilishakubali," akasema. "Tangu ulipokuwa pale chini. Lakini si mimi ulinikosea. Uliza yeye." Akatoka, akaenda kusimama nje kwenye jua.

Nikabaki na Clarisse. Akakaa juu ya mashine ya mtu.

"Unajua Papa alisemaje tulipofika nyumbani?" akaanza. "Alisema hata ningekuwa nafagia barabara angenipenda. Alikuwa tayari kunisamehe, Festo. Kumbe wakati wote alikuwa tayari! Ilibaki mimi tu kumwambia. Nilishapanga kumwambia jioni ile, baada ya nyie kula, nikimkanda miguu. Nilikuwa nimeshatafuta na maneno." Akafuta uso. "Hiyo nafasi sitaipata tena. Umeila wewe."

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na la kusema, nilikuwa nayo mengi, kwamba nilimsifu, kwamba niliogopa, kwamba ni maiki. Nikaufunga. Nikasimama pale mikono imening'inia, na yeye akaninyamazia muda mrefu, na kila kiungo changu kinataka kukimbia, nami nikakaa kimya, sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile tangu nizaliwe. Mwishowe akashuka pale kwenye mashine. "Nitaolewa na wewe," akasema, "lakini mdomo wako uishie kwenye mambo yako."

Tukaoana mwaka uliofuata, na Tantine Yvonne akaimba kuliko watu wote. Papa anapiga simu kila Jumapili. Akiniuliza kitu cha makanisa ambacho sikijui, namwambia sijui Papa, nifundishe, naye anafurahi kunifundisha mpaka salio linakwisha. Na akiniuliza Clarisse anaendeleaje, hata kama namwona pale mbele yangu mzima anacheka, sijibu. Nampelekea simu aseme mwenyewe.